Jina la Kanga na Jina la Mtu: Bibi Titi Mohamed, Wanawake wa TANU na Kumbukumbu ya Nguo katika Pwani ya Bagamoyo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna kanga inavyoweza, na inavyoshindwa, kumuenzi mwanamke aliyesahauliwa na historia rasmi. Mfano unaochunguzwa ni Bibi Titi Mohamed (1926–2000) na wanawake wenzake waliojenga TANU katika miaka ambayo kura ilikuwa haki ya wachache. Hoja kuu ni kwamba sarufi ya jina la kanga huhamisha usemi kutoka kwa mtunzi kwenda kwa mvaaji. Uhamisho huo ndio uliowapa wanawake wa pwani uwezo wa kusema, na ndio huohuo uliorahisisha kusahauliwa kwa wasemaji. Nguo za ukumbusho zenye picha hazitatui tatizo hilo, kwa kuwa huweka sura na kuondoa usemi. Makala yanapendekeza kwamba kumuenzi mwanamke kwa nguo kuanze na kazi ya kihakiki: kuliunganisha upya jina la kanga na jina la mtu, kwa kuanzia na masanduku ya wanawake wa Bagamoyo, Kaole, Mbegani na Mlingotini.

1.0 Utangulizi

Anayetoka mji wa Bagamoyo kuelekea Mbegani hupita karibu na magofu ya Kaole, penye misikiti ya kale na makaburi ya nguzo. Miongoni mwa makaburi hayo limo linalojulikana kuwa la Sharifa, ambako watu hadi leo huenda kuomba dua. Sharifa ni hadhi kabla ya kuwa jina: humtaja mwanamke kwa nasaba yake, asijulikane alisema nini wala alitenda nini. Kaburi limehifadhi heshima na kuacha habari. Hali hiyo haikuishia katika karne za Kaole. Imejirudia katika historia ya karne ya 20, ambamo wanawake wengi wa pwani walioshiriki kuleta uhuru wamebaki kuwa "akina mama", jina la heshima lisilo na mtu ndani yake.

Wanawake hao walikuwa na maandishi yaliyokaa miilini mwao, nayo ni kanga. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamekwisha kukubali kuwa maandishi ya kanga ni matini. Saida Yahya-Othman, katika makala yake ya 1997, alionyesha kwamba majina ya kanga ni njia ya mwanamke kusema lile ambalo adabu ya jamii humzuia kulitamka. Rose Marie Beck (2001) aliyachunguza kama mawasiliano yanayotegemea utata, na Sharifa Zawawi (2005) aliyakusanya na kuyafafanua kama hazina ya busara. Jambo ambalo halijaulizwa vya kutosha ni uhusiano wa matini hizo na kumbukumbu. Je, nguo isiyomtaja mtunzi wala mlengwa inaweza kumkumbuka mtu? Na ikiwa haiwezi, kosa ni la nguo au ni la wanaoisoma?

Swali hili linajibiwa hapa kwa hatua nne. Kwanza inatazamwa historia ya nguo katika Bagamoyo. Pili, kisa cha Bibi Titi na masharti ya kura ya 1958. Tatu, sarufi ya jina la kanga. Na nne, nguo za ukumbusho pamoja na mifano miwili ya nje, mmoja wa Uingereza ya wapigania kura na mwingine wa msanii mzaliwa wa Zanzibar.

2.0 Kutoka doti ya msafara hadi doti ya kanga

Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa mji wa nguo kama ilivyokuwa mji wa pembe na watumwa. Misafara iliyokwenda bara ilibeba merikani, kaniki na nguo za rangi, na nguo hizo ndizo zilizokuwa fedha ya njiani: zilinunua chakula, zililipa hongo kwa watawala wa njia, na zililipa ujira. Vipimo vyake vilikuwa mkono, shuka na doti. Shuka ilikuwa mikono minne, na doti ilikuwa shuka mbili.

Neno doti halikufa pamoja na misafara. Leo humaanisha jozi ya kanga ambayo mwanamke hununua, hupewa au humtunza mwenzake. Mabadiliko haya ya maana yanastahili kutazamwa kwa makini. Neno lililopimia thamani ya safari, na wakati mwingine thamani ya mwanadamu, limekuwa kipimo cha zawadi baina ya wanawake. Historia ya kijamii inathibitisha kwamba mabadiliko hayo hayakuwa ya msamiati peke yake. Laura Fair (2001) ameeleza jinsi wanawake wa Zanzibar waliotoka utumwani walivyoacha kaniki, nguo iliyohusishwa na utumwa na kazi ngumu, wakajivika kanga ili kudai hadhi ya uungwana. Kabla kanga haijawa na maneno mengi, kuivaa kwenyewe kulikuwa tamko.

Maneno yalipoongezwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi, tamko hilo lilipata sintaksia. Nguo ikawa na sehemu tatu zinazojulikana na kila mvaaji: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa juu ya pindo la chini. Istilahi ya mwisho ndiyo kiini cha makala haya. Kiswahili kiliyaita maandishi hayo jina. Kanga, kwa hiyo, ni nguo yenye jina. Aliyelitunga hana.

Hata hivyo, si kweli kwamba kanga haina jina lolote la mtu. Kanga nyingi za Mombasa zimechapishwa ukingoni alama ya nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Mfanyabiashara, ambaye mara nyingi aliyapata maneno kwa kuwasikiliza wateja wake, ameandikwa kuwa mwenye mali. Mwanamke ambaye usemi wake ulimpa bidhaa ya kuuza hakuandikwa. Ukingo wa kanga, ambao wasomaji wa matini huuruka, ndio unaoonyesha kwamba kutotajwa kwa mtunzi hakukuwa sharti la nguo. Lilikuwa jambo la uwezo: nani alikuwa na nafasi ya kuchapisha jina lake.

3.0 Kura waliyoitafuta wasioweza kuipiga

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika familia yenye asili ya Rufiji. Kabla ya siasa alijulikana kwa uimbaji. Alikuwa kiongozi katika kikundi cha ngoma cha Bomba, kimojawapo cha vikundi vya wanawake vilivyokuwa na viongozi wake, michango yake, sare zake na ushindani wake. Mwaka 1955, John Hatch wa Chama cha Labour cha Uingereza alipoitembelea Tanganyika na kuuliza habari za wanawake katika TANU, sehemu ya wanawake ilihitaji kiongozi, na Bibi Titi ndiye aliyeshika nafasi hiyo. Susan Geiger, ambaye kitabu chake cha 1997 kimejengwa juu ya masimulizi ya wanawake wenyewe, anaeleza kwamba katika muda wa miezi mitatu hivi waliandikishwa wanawake wapatao 5,000. Hawakuandikishwa mmojammoja kwa vipeperushi. Waliingia kwa njia ya vikundi vya ngoma, ambamo mtandao wa kupashana habari, kuchanga fedha na kuvaa nguo za namna moja ulikwisha kuwapo.

Ukweli huu una uzito kwa mhakiki wa kanga. Wanawake wa vikundi hivyo walikuwa tayari wamezoea kubishana kwa nyimbo na kwa nguo. Ustadi wa mafumbo, wa kulenga bila kutaja, na wa kumfanya msikilizaji ajitambue mwenyewe ndio ustadi wa ngoma na ndio ustadi wa jina la kanga. Waliposimama kwenye majukwaa ya TANU hawakuanza kujifunza kusema. Walibadili hadhira.

Masharti ya kura yaliyowakabili yaliwatenga karibu wote. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na umri wa miaka 21 na ama elimu ya darasa la nane, ama kipato cha pauni 150 kwa mwaka, ama cheo kinachotambuliwa. Tena alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 uliamua kushiriki uchaguzi huo, uamuzi uliokuja kuitwa Uamuzi wa Busara. Wanawake waliouza kadi, waliokusanya watu na waliochanga nauli za viongozi walishiriki kampeni za kura ambayo wengi wao hawakuruhusiwa kuipiga. Ng'ambo ya bahari, katika uchaguzi wa Zanzibar wa Julai 1957, wanawake hawakupiga kura kabisa. Kwa uchaguzi wa Tanganyika wa 1960 masharti yalilegezwa, na kujua kusoma na kuandika Kiswahili kukawa mojawapo ya sifa za mpiga kura. TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Lugha ya kanga ikawa, kwa sheria, mlango wa kura.

Yaliyofuata ni sehemu ya historia inayojulikana zaidi. Bibi Titi aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulioanzishwa 1962, alipoteza kiti cha ubunge Rufiji mwaka 1965, na alijitoa katika uongozi baada ya Azimio la Arusha la 1967. Mwaka 1969 alikamatwa pamoja na wengine kwa tuhuma za kula njama za kuipindua serikali, mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 aliachiwa kwa msamaha wa Rais Julius Nyerere. Kwa muda mrefu baadaye jina lake halikutajwa katika simulizi rasmi ya uhuru. Lilirejeshwa polepole, na leo barabara kuu ya katikati ya Dar es Salaam inaitwa Barabara ya Bibi Titi Mohamed.

Barabara hiyo inamtofautisha na wenzake. Tatu binti Mzee, aliyekuwa naye tangu mwanzo katika sehemu ya wanawake, hajulikani kwa kiasi hicho, wala Halima Selengia wa Moshi, wala Agnes Sahani wa Mwanza. Majina yao yamo vitabuni kwa sababu mtafiti aliwauliza. Bagamoyo inaonyesha upande wa pili. Simulizi ya TANU mjini humo inamtaja Sheikh Mohamed Ramiya, kiongozi wa tarika ya Kadiria na wa chama. Wanawake wa dhikri, wa ngoma na wa mikutano mara nyingi wanabaki umati uliozunguka jina lake.

4.0 Sarufi ya jina la kanga

Ili kujua kama kanga inaweza kubeba kumbukumbu ya watu hawa, ni lazima kuchunguza inavyosema. Majina manne yanayojulikana sana yanatosha kuonyesha utaratibu wake.

La kwanza ni JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Vitenzi vyote viwili vina kiambishi si-, yaani nafsi ya kwanza umoja katika ukanushi, na vinafungwa kwa kina kimoja cha -ti. Nafsi hii haina mtu hadi nguo ivaliwe. Kanga ikiwa imekunjwa dukani, si- haimrejelei yeyote. Ikifungwa kiunoni, humrejelea mvaaji. Ikitolewa zawadi, humhamia mpokeaji. Viambishi vya nafsi katika lugha yoyote hutegemea msemaji, lakini katika kanga msemaji anaweza kubadilika mara kadhaa kwa siku moja bila matini kubadilika hata herufi.

La pili ni SHUKRANI YA PUNDA NI MATEKE. Hapa hakuna nafsi, njeo wala mtenda. Nomino mbili zimeunganishwa kwa kitenzi kishirikishi ni, na sentensi yote ni hukumu isiyo na tarehe. Punda hatajwi. Kila atakayejihisi kuwa punda amejitaja mwenyewe, na akilalamika amekiri. Huu ndio mtego ambao Yahya-Othman aliuona: anayejikuta ndani ya maneno ndiye aliyelengwa, na mvaaji anaweza daima kusema kwamba yeye alipenda rangi tu.

La tatu ni WEMA HAUOZI, methali ya maneno mawili. Ukanushi ha-u- unauweka wema katika kundi la vitu ambavyo kwa kawaida huoza, kama samaki, matunda na miili, kisha unauondoa humo. Kwa wakazi wa pwani ya uvuvi, ambako kuoza ni hasara ya kila siku, kitenzi hiki kina uzito wa mambo ya jikoni na ya sokoni. Hata hivyo wema huo hauna mwenyewe. Methali inahakikisha kwamba tendo litadumu. Haihakikishi kwamba mtenda atajulikana.

La nne ni NANI KAMA MAMA, silabi sita ambazo tatu za mwisho ni -ma. Ni swali la balagha linaloonekana kumtukuza mtu mahususi, lakini nalo ni wazi kama mengine: kila mvaaji ana mama yake, na kila mama anaweza kuwa jibu.

Yakitazamwa pamoja, majina haya yana kanuni moja. Jina la kanga huacha nafasi tupu ya mtu, na nafasi hiyo hujazwa na tukio la kuvaa. Ndiyo sababu mkusanyo wa majina ya kanga, hata ukiwa mkubwa, hauwezi kuwa kumbukumbu ya waliosema. Mikusanyo mingi huyapanga majina kwa dhamira au kwa alfabeti: mapenzi, wivu, subira, majirani. Upangaji huo huyageuza kuwa methali, na methali kwa desturi ni mali ya jamii nzima. Hapo mhakiki, bila kukusudia, anakamilisha kazi iliyoanzwa na ukingo wa nguo. Mfanyabiashara aliandika kwamba mali ni yake. Mkusanyaji anaandika kwamba busara ni ya wahenga. Mwanamke aliyeinunua kanga fulani siku fulani ili kumjibu mtu fulani hana pa kuandikwa.

Mtihani mdogo unaonyesha hasara iliyopo. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, ikisomwa katika orodha, ni tangazo la subira ya mapenzi. Ikisomwa kando ya masharti ya kura ya 1958, ni maelezo kamili ya msimamo wa mwanamke aliyefanyia kampeni kura asiyoweza kuipiga. Usomaji huo haudai kwamba kuna mwanamke aliyeivaa kwa nia hiyo. Unachoonyesha ni kwamba matini inauruhusu, na kwamba hakuna njia ya kujua kama uliwahi kutokea, kwa sababu kilichohifadhiwa ni maneno na kilichopotea ni uvaaji.

5.0 Sura katikati ya mji

Jibu la kawaida kwa tatizo hili ni nguo ya ukumbusho. Tangu uhuru, Tanzania imezoea kanga na vitenge vyenye picha ya kiongozi katika mji, pamoja na tarehe, nembo na kauli mbiu. Wanawake huvaa nguo hizo katika kampeni, katika sherehe za chama na za taifa, na kila Machi 8. Ingeonekana kwamba heshima kwa Bibi Titi ingetimia kwa kuiweka sura yake mahali ambapo kwa kawaida huwekwa sura za wanaume.

Pendekezo hilo lina haki ndani yake. Mwanamke aliyeondolewa katika picha ana haki ya kurudishwa katika picha. Lakini nguo ya ukumbusho si kanga yenye picha tu. Ni utanzu mwingine wenye sarufi nyingine. Matini yake hutaja kwa jina, hupongeza, huadhimisha, na mara nyingi hukosa kabisa nafsi ya kwanza. Mvaaji hasemi kwa nguo hiyo. Anabeba usemi wa aliyeitoa. Hawezi kumlenga jirani wala kumjibu mume, na hawezi kusema baadaye kwamba alipenda rangi tu, kwa kuwa nguo ya chama haina utata. Mwili wa mwanamke unakuwa ubao wa matangazo. Katika hali hiyo, kuweka sura ya Bibi Titi katika mji wa nguo kunaweza kumgeuza aliyekuwa msemaji kuwa nembo, na kuwageuza wavaaji kuwa wabebaji wa nembo hiyo.

Jambo hili linaifanya barabara na kanga kuwa vioo vya kila mmoja. Barabara imehifadhi jina la Bibi Titi bila maneno yake. Maelfu hulitaja kila siku kama kituo cha basi au mahali pa foleni. Kanga imehifadhi maneno ya wanawake wa kizazi chake bila majina yao. Kumbukumbu kamili ingehitaji vyote viwili mahali pamoja, na nguo ya ukumbusho, kwa jinsi ilivyo, inarudia upungufu wa barabara.

6.0 Nguo yenye saini na kitabu kilichopotea

Mfano wa Uingereza unasaidia kuona njia nyingine. Wanawake waliopigania kura huko mwanzoni mwa karne ya 20 walitumia nguo kwa wingi: mabango yaliyoshonwa na kutariziwa, na mishipi ya rangi za zambarau, nyeupe na kijani. Kazi moja ndogo inapita mabango yote kwa nguvu. Ni leso iliyotariziwa mwaka 1912 na wanawake waliofungwa katika gereza la Holloway, London, yenye saini 66. Imehifadhiwa Sussex, katika nyumba ya makumbusho ya kijiji cha West Hoathly. Haina kauli mbiu kubwa wala picha. Kilichomo ni majina ya wafungwa, kila moja kwa mwandiko wa mwenyewe uliogeuzwa kuwa mshono. Hapo jina la nguo na jina la mtu ni kitu kimoja.

Ulinganisho huu usichukuliwe kuwa hukumu dhidi ya kanga. Wafungwa wa Holloway walitaka kukamatwa kwao kujulikane. Saini ilikuwa silaha yao. Mwanamke wa pwani aliyesema kwa kanga alihitaji kinga, na utata ndio uliokuwa kinga hiyo. Kumlazimisha mtunzi wa kanga atie saini kungekuwa kumvua sitara. Kwa hiyo kutotajwa kwake kuna maana mbili ambazo uhakiki lazima uzitenganishe. Ipo ile aliyoichagua mwenyewe ili aweze kusema, na ipo ile aliyofanyiwa na wengine baada ya kusema. Ya kwanza ni mbinu ya kisanaa, na ya pili ni usahaulifu. Tatizo ni kwamba zinafanana kwa macho: zote mbili huacha nguo isiyo na jina la mtu.

Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga na mama yake aliyekuwa mbunifu wa nguo, ameifanya hali hiyo kuwa kiini cha kazi yake. Himid, mshindi wa Tuzo ya Turner ya 2017, amechora mfululizo wa kanga alizoziita kanga kutoka kitabu cha sampuli kilichopotea. Fikra ya kitabu hicho ni kali kuliko inavyoonekana mwanzoni. Viwanda vya Ulaya vilivyochapisha kanga kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki, kikiwamo Vlisco cha Helmond, Uholanzi, viliweka vitabu vya sampuli ili mchoro uliouzwa uweze kuchapishwa tena. Kumbukumbu ya kanga iliyotunzwa kwa utaratibu zaidi ni kumbukumbu ya kiwanda. Kitabu ambacho hakikuwahi kuwapo ni kile cha upande wa pili, ambacho kingeeleza kila sampuli ilivaliwa na nani, lini, na kwa ajili ya neno gani. Himid hadai kukirudisha. Anachora kutokuwapo kwake.

Hata hivyo kazi ya Himid ina mpaka unaopaswa kusemwa waziwazi. Kanga zake hutundikwa ukutani, katika majumba ya sanaa, na maandishi yake ni ya Kiingereza. Nafsi ya kwanza iliyomo haihami, kwa kuwa hakuna anayeivaa. Zinaomboleza kitabu kilichopotea kwa wasomaji ambao hawakuwahi kukihitaji. Wenye haja nacho wako kwingine, na baadhi yao bado wanaweza kuulizwa.

7.0 Hitimisho

Kumuenzi mwanamke aliyesahauliwa kwa njia ya nguo, katika mazingira ya Kiswahili, hakuhitaji utanzu mpya kwanza. Kunahitaji usomaji mpya. Kanga inaweza kukumbuka iwapo matini yake itasomwa pamoja na tukio la kuvaliwa. Kwa kila jina linalokusanywa yanapaswa kuandikwa mambo manne: nani aliinunua au kupewa nguo hiyo, lini, kwa tukio gani, na alikusudia isomwe na nani. Alama ya ukingoni nayo iandikwe, kwa kuwa huonyesha kiwanda na mfanyabiashara, na husaidia kukisia kipindi. Mwenye nguo akitaka jina lake lifichwe, lifichwe kwa amri yake mwenyewe, na rekodi iseme hivyo. Kwa njia hiyo sitara itabaki kuwa haki yake, na usahaulifu hautajificha tena nyuma ya sitara.

Pwani ya Bagamoyo inafaa kuwa mahali pa kuanzia. Ina historia ya nguo iliyo ndefu kuliko ya kanga yenyewe. Ina taasisi ya sanaa na utamaduni mjini na chuo cha uvuvi Mbegani, vyote vikiwa na wanafunzi wanaoweza kufundishwa kuuliza. Ina wanawake, kutoka Kaole hadi Mlingotini, ambao masandukuni mwao mna kanga za mama na bibi zao pamoja na zile za ukulima wa mwani wanazoingia nazo majini leo. Mipango ya bandari kubwa ya Mbegani, iliyotiwa saini mwaka 2013, imekwisha kuonyesha kwamba makazi ya pwani hayana uhakika wa kudumu mahali yalipo. Nyumba zikihama, sanduku huhama na mwenyewe. Mwenyewe akifa, kanga hugawanywa, huchanwa kuwa mbeleko na vitambaa vya jikoni, na maelezo yake huondoka naye.

Hapo ndipo uhakiki wa kanga unapopata wajibu ambao hauwezi kuukabidhi kwa wasanii wala kwa serikali. Bibi Titi alipata barabara kwa sababu alikuwa Bibi Titi. Waliosimama nyuma yake, na waliovuta watu kwa nyimbo na mafumbo yaleyale, hawatapata barabara. Waliacha majina juu ya nguo. Kazi iliyobaki ni kuwauliza binti zao, kabla sanduku halijafungwa, ni mama yupi aliyevaa jina lipi.